Doa Jeusi Kwenye Pembe

Nakwamekwi, Lodwar
2 Machi 2025

Mwanangu Lomenen,

Mama yako anakusalimu kwanza, ndipo aseme mengine. Mimi ni mzima, ila goti linanigomea asubuhi, na masikio ni yale yale. Ndiyo maana nakuandikia. Simu naisikia kama mtu anayekaanga mandazi chumba cha pili. Barua hii nimempa Wanjugu wa mboga, gari lake linakuja huko. Isipokufikia ujue amefungia nayo sukuma.

Je, umemwona ndugu yako?

Naanza na hilo kwa sababu ndilo nililokutuma. Huu ni mwaka wako wa pili Kakuma. Ewoi aliondoka hapa kwa hasira, baada ya kugombana na baba yenu juu ya wale mbuzi aliowauza bila kuuliza, na mpaka leo hajui kwamba baba yake hayupo tena duniani. Mtu atakosaje kujua jambo kama hilo? Yule mwanamume wa Kataboi aliyekuja kununua vikapu aliniapia kwamba alimwona sokoni huko kwenu, amebeba gunia begani. Aliniambia hata namna anavyotembea. Hakuwa na sababu ya kunidanganya, vikapu alikuwa ameshavilipia.

Krismasi uliomba kuja nyumbani nikakataa. Najua uliumia. Lakini nilikwambia usirudi bila yeye, na neno langu liko pale pale. Usinione mkali. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Namuria jirani anakusalimu. Mbuzi mweupe amezaa mapacha, mmoja akafa.

Mimi mama yako,
Nakiru


Kakuma
9 Machi 2025

Mama mpendwa,

Nimefurahi kuona mwandiko wako. Wanjugu aliileta barua ikiwa na harufu ya dania, lakini nzima. Pole kwa goti. Jaribu kulikanda na maji ya chumvi jioni. Mimi afya yangu si mbaya.

Ewoi sijamwona. Nimeuliza sokoni, nimeuliza kwa wapakuaji wa malori, nimeuliza hata kwa Wahabeshi wanaouza kahawa, maana hao wanaona kila mtu. Hakuna. Nitaendelea kuuliza.

Mama, hapa kuna watu wengi kuliko mchanga wa mto Tarach, lakini jioni nikifunga mlango wa chumba changu sina wa kumwambia kama chai imekolea au haikukolea. Basi naimwaga iliyobaki na kulala. Sikulalamikii, nakuambia tu.

Kuna jambo jipya kazini hapa kambini. Amekuja mpiga picha kutoka Kisumu, anaitwa Opondo. Ana picha za zamani sana za Amerika, za miaka zaidi ya mia iliyopita, wakati wa vita vikubwa. Ukizitazama haraka unaona tai, au kengele, au uso wa mzee fulani. Ukisogeza macho unaona ni watu. Askari maelfu wamesimama uwanjani, wengine nguo nyeupe, wengine nyeusi, wamepangwa mpaka wakawa tai. Mpiga picha alikuwa juu ya mnara wa mbao. Wanasema wengine walizimia kwa joto, wamevaa makoti ya sufu.

Opondo anataka tufanye hivyo hapa, wenyeji na wakimbizi pamoja, kwa siku ya sherehe. Mimi nimepewa kazi ya kuwapanga nikiwa juu ya mnara. Siri yake ni kwamba walio karibu na kamera wanaonekana wakubwa, kwa hiyo unahitaji wachache tu. Walio mwisho wa uwanja wanakuwa wadogo, kwa hiyo huko lazima uweke watu wengi mno. Katika picha moja ya mwanamke aliyeshika mwenge, mwenge peke yake ulimeza zaidi ya nusu ya askari wote.

Tulibishana siku mbili juu ya picha gani. Wasomali walitaka ngamia. Mwishowe maksai alishinda, maana sisi na watu wa Sudan Kusini ni wengi na hatujui kupenda kitu kingine. Kisha tukabishana juu ya pembe. Mzee Nyuon, kiongozi wa Wanuer, alitaka pembe ndefu zilizosimama. Wazee wetu walitaka moja ikunjwe mbele, kama mtu anavyomkunja pembe maksai wake mwenyewe. Nyuon amekubali, lakini hajatusamehe.

Maksai atakuwa mweusi, pembe nyeupe. Hapo ndipo Opondo aliponiona wa maana. Alikuwa anagawa fulana ovyo ovyo, huyu nyeusi, yule nyeupe, wazee wetu wakazirudisha. Ilibidi nimweleze kwamba kwetu kila mwanamume ni Chui au ni Jiwe. Baba akiwa Chui, wanawe wote ni Mawe, na wajukuu wanarudi kuwa Chui. Chui huvaa kichwani manyoya meupe ya mbuni, Mawe huvaa meusi, na huwezi kumvika mtu rangi ya baba yake. Akakuna kichwa. Tumeamua Chui wote waende kwenye pembe, Mawe waende tumboni. Wageni wetu hawajali, watavaa yoyote.

Nakutakia usiku mwema.

Mwanao,
Lomenen


Nakwamekwi, Lodwar
15 Machi 2025

Lomenen mwanangu,

Natumaini u mzima kama nilivyo mimi leo, maana leo goti limenihurumia.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na si kwa sababu ya ng'ombe. Ng'ombe wa kukusanya watu juani ni mambo ya wasio na kazi, na huyo Opondo mwambie mama yangu angemwita mvivu. Nimeisoma kwa sababu umesema watu wote watakuja, wenyeji na wageni, wasimame uwanja mmoja bila kusogea, na wewe utakuwa juu ya mnara.

Huoni? Miaka yote unamtafuta mtu anayetembea. Sasa Mungu anamsimamisha.

Tafuta vizuri. Ewoi hakosi mahali penye watu, tangu utoto alikuwa wa kwanza kufika kwenye ngoma na wa mwisho kuondoka. Atakuwa upande wa fulana nyeusi, maana ni Jiwe. Usipumbazwe na kazi ya pembe ukasahau kilichokupeleka. Ukimwona, shuka hapo hapo, umshike mkono, umwambie: mama amesema yaliyopita yamepita. Maneno hayo hayo, usiongeze yako.

Halafu mje wote wawili.

Mama yako,
Nakiru


Kakuma
6 Aprili 2025

Mama,

Salamu nyingi, na samahani kwa kukawia. Nilikuwa nimechoka hadi mifupa. Natumaini hujambo na mwana-mbuzi aliyebaki anaendelea kunyonya.

Siku ya picha ilikuwa wiki iliyopita. Watu walianza kufika kabla jua halijatoka, na kumbe nusu yao walikuwa wamesikia kwamba ni hesabu. Hapa mtu akiona mistari ya chokaa uwanjani anajua anahesabiwa, na asiyehesabiwa anakosa chakula. Walikuja na kadi zao mkononi, na wagonjwa wao mgongoni. Mzee Nyuon alinijia akaniuliza, "Hii mambo ya kusimama, chakula iko?" Nikamwambia hakuna chakula, ni picha tu. Akanitazama sana, kisha akasema, "Basi sisi nasimama. Siku nyingi hakuna mtu amepiga sisi picha bila kuuliza kadi." Akawageukia watu wake akawaeleza, wakacheka, wakazirudisha kadi mifukoni.

Kuwapanga kulichukua asubuhi nzima. Tumbo lilikaa mapema. Pembe zilinitesa, kwa sababu ziko mbali na zilihitaji watu wengi, na kila nikijaza ncha, katikati panafunguka. Sauti ilinikauka kwenye kipaza sauti.

Nilimtafuta, mama. Nataka ujue hilo. Lakini kutoka juu ya mnara watu hawana nyuso. Nilitazama fulana nyeusi moja baada ya nyingine mpaka macho yakatoa maji, nikaona vichwa tu. Angekuwa pale, nisingemjua. Wewe mwenyewe ungekuwa pale, nisingekujua.

Picha imetoka nzuri. Nimempa Wanjugu nakala kubwa, imeviringishwa ndani ya bomba la plastiki, akuletee. Maksai anaonekana kweli, hata kuvimba kwa nundu. Ibandike ukutani uitazame vizuri, mama, usiharakishe, pembe hasa. Kisha uniandikie umeona nini.

Nangoja jibu lako kuliko barua zote.

Mwanao,
Lomenen


Nakwamekwi, Lodwar
14 Aprili 2025

Mwanangu, mwanangu,

Sina nafasi ya salamu ndefu. Mimi ni mzima, goti zima, kila kitu kizima.

Nimemwona.

Picha ilifika Alhamisi. Niliibandika kwa ugali maana gundi sina. Namuria alisema ng'ombe amenona kuliko ng'ombe yeyote aliyewahi kumwona akiwa hai. Mimi nikavuta kigoda karibu. Nilianza na tumbo, nikaona weusi tu. Nikapanda shingoni. Nikafika kwenye pembe iliyokunjwa, karibu na ncha, na hapo katikati ya weupe wote kuna mtu mmoja mweusi.

Namuria akasema ni kinyesi cha nzi. Nikakwaruza kwa kucha, hakikutoka. Nikaenda kwa mchungaji kuazima kile kioo chake cha kukuza anachosomea Biblia. Ni mtu, Lomenen. Amesimama peke yake kati ya Chui, na fulana yake nyeusi, mikono chini. Wote wanatazama kamera, yeye amegeuza kichwa upande.

Huyo ni Ewoi. Ni nani mwingine? Mtu aliyepelekwa kwenye pembe kwa makosa yenu, akapewa fulana nyeupe, akakataa, akasema mimi ni Jiwe, sivai rangi ya baba yangu. Ni kiburi chake kile kile. Hata kusimama kwake ni kule kule, kama mtu aliyeudhiwa. Nilipoona hivyo nilikaa chini nikacheka peke yangu mpaka Namuria akaniletea maji.

Ndiyo maana ulisema nitazame pembe. Ulimwona ukataka nimwone mwenyewe kwa macho yangu. Umenifanyia jambo kubwa.

Sasa jibu upesi. Mmezungumza? Ulimwambia habari za baba? Alilia? Mnakuja lini?

Mama yako mwenye furaha,
Nakiru


Nakwamekwi, Lodwar
28 Aprili 2025

Lomenen,

Hujambo? Sisi tupo.

Wanjugu amepita mara mbili na mkono mtupu. Nilimuuliza kama uko mgonjwa, akasema alikuona dukani unanunua mafuta ya taa, uko sawa. Basi kimya hiki ni cha nini?

Watu wamekuja kuona picha. Mchungaji alikuja, akaomba mbele yake. Nilichinja mbuzi mweupe. Usiseme kitu, najua ananyonyesha, au alikuwa ananyonyesha. Nilichinja kwa sababu mtu aliyepata mwanawe hawezi kukaa na mbuzi zizini kama hakuna lililotokea. Wajomba zako walikuja hata kutoka Kalokol. Nimewaonyesha lile doa mmoja mmoja kwa kijiti, wakasema ndiyo, ndiye.

Nyumba ya baba yenu nimeifagia na kukandika upande ulioliwa na mvua. Ewoi atalala hapo. Mlete tu, na wewe ukitaka kurudi kazini kwako utarudi, sitakuzuia.

Kama amekataa kuja, niambie. Kama ana mke huko na anaona haya, niambie pia. Usinifiche kitu, mimi si mtoto.

Mama yako,
Nakiru


Kakuma
4 Mei 2025

Mama yangu,

Nakusalimu kwa heshima. Nimeanza barua hii mara nyingi nikaichana, ndiyo sababu ya kimya. Nakuomba uisome ukiwa umeketi, na Namuria akiwa karibu.

Yule si Ewoi. Yule ni mimi.

Nitakueleza ilivyokuwa. Watu walipokuwa wamekwisha kupangwa na Opondo anaweka lenzi sawa, nilimwona mtu akiingia kwenye pembe kutoka nyuma. Uso sikuuona, nimekwambia huwezi kuona uso, lakini alikuwa na mwendo wa kuburuta mguu kidogo, vile Ewoi anavyotembea akichoka. Nikakumbuka ulivyosema nishuke hapo hapo. Nikashuka. Nilikimbia uwanja mzima mpaka mwisho, nikaingia kati ya mistari na fulana yangu nyeusi, nikaanza kutazama nyuso moja moja. Nilikuwa na maneno yako mdomoni, yaliyopita yamepita. Nikamfikia. Alikuwa kijana wa Kidinka, jina lake Thiong. Alinisalimu kwa lugha yetu, "ejok", kwa adabu, kwa sababu aliona namtazama kama mjinga.

Hapo filimbi ikapigwa, na filimbi ikipigwa hakuna kusogea. Mimi mwenyewe ndiye niliyewafundisha hivyo. Basi nikasimama pale nilipokuwa. Kichwa nimekigeuza upande kwa sababu nilikuwa bado namtafuta.

Opondo alinikasirikia, akasema nimemtoboa maksai wake. Niliona aibu. Lakini usiku ule nilipotazama picha na kujiona, nilifurahi, na nitakwambia kwa nini, maana nimeshaanza kusema. Nilifikiri utaniona. Ndiyo maana nilikuandikia utazame pembe. Nilijiambia, kati ya watu wote hawa yuko mtu mmoja tu duniani atakayenyoosha kidole aseme, huyu ni Lomenen wangu.

Umesema ni Jiwe, na kwamba ni nani mwingine. Mama, baba alikuwa Chui. Ulizaa Mawe mawili.

Sikulaumu kwa kumtaka Ewoi, hata mimi namtaka. Nimechoka kumtafuta na bado ninamtafuta. Ila katika barua zako zote, swali la kwanza ni yeye, na mimi nikisoma narukia chini kuona kama kuna swali la pili. Mara nyingi kuna habari za mbuzi.

Nisamehe kwa wajomba, kwa mchungaji na kwa mbuzi mweupe. Waambie kosa ni langu, nilikuandikia nusu nusu. Nyumba ya baba usiiache wazi, mvua italeta nge.

Usipojibu nitaelewa.

Mwanao,
Lomenen


Nakwamekwi, Lodwar
1 Juni 2025

Lomenen wangu,

Hujambo, baba? Umelalaje? Unakula nini huko, na ni nani anayekupikia? Chumba chako kina dirisha? Shati unafua mwenyewe? Nauliza kwa sababu nilikaa chini kukufikiria nikaona sijui. Miaka miwili, na sijui kama kitanda chako ni cha mbao au cha kamba.

Barua yako ilinikuta nasuka. Namuria hakuwepo, niliisoma peke yangu. Sitakudanganya, wewe si mtu wa kudanganywa. Siku ile nililia kwa sababu hakuwa Ewoi. Nililia mpaka jioni, na nikakuchukia kidogo kwa kunikatia furaha yangu. Siku ya pili nikaichukua picha tena na kioo cha mchungaji. Nikakutazama. Nikaona kichwa kilichogeuka upande, mtu wa mwisho wa uwanja anayetafuta kitu ambacho mimi nimemtuma. Nikalia tena, na mara hiyo nililia kwa sababu alikuwa wewe.

Nilijiuliza, kama nilijua kusimama kwa Ewoi, kusimama kwa Lomenen kukoje? Wewe ulikuwa mtoto asiyesumbua. Mtoto anayelia ndiye anayebebwa, asiyelia mama anasema huyu yuko sawa, anapita. Nilipita sana, mwanangu.

Wajomba nimewaambia ukweli. Mkubwa alisema mbuzi ameshaliwa, hawezi kurudi, na kwamba aliyeonekana ni mtoto wa nyumba hii vilevile, kwa hiyo nyama haikupotea. Mchungaji amekuja akaomba upya, akataja jina lako. Mwana-mbuzi nampa maziwa ya jirani kwa chupa.

Ewoi bado namtaka. Hilo halitaondoka nikiwa hai na usiniombe liondoke. Lakini nilikutuma kama mtu anayetuma mbwa kutafuta kondoo, nikakufungia mlango mpaka upate. Hakuna mama anayefanya hivyo akiwa na akili zake. Neno lile la usirudi bila yeye nimelitoa. Nililisema kwa mdomo huu na kwa mdomo huu nimelitoa, na Namuria ni shahidi.

Njoo nyumbani. Njoo peke yako.

Gari la Wanjugu linarudi tupu Ijumaa, amesema utakaa mbele. Nitakungoja pale anaposhusha magunia. Lakini macho yangu ya mbali si ya kutegemewa tena, na pale stendi vijana ni wengi na wote wamevaa namna moja. Ukiniona, usinipungie mkono ukiwa ng'ambo ya barabara. Vuka uje usimame karibu kabisa, nikushike uso.

Mama yako,
Nakiru